Masomo Mawili, Shahada Moja: Historia ya Kozi za Lazima na Nafasi ya Kiswahili katika Elimu ya Chuo Kikuu, kwa Mfano wa Rufiji



1.0 Utangulizi

Historia ya Kiswahili katika vyuo vikuu vyetu imeandikwa mara nyingi kwa upande wa sera ya lugha, usanifishaji na uundaji wa istilahi. Katika mhadhara huu ninakusudia kuitazama kwa upande usiozoeleka, yaani upande wa ratiba ya mwanafunzi: anasoma somo gani pamoja na lipi, analazimishwa kusoma nini zaidi ya hayo, na nani aliyeamua hivyo.

Kilichonisukuma kuchagua mada hii ni tukio dogo. Miaka kadhaa iliyopita, nilipokuwa nikifundisha katika chuo kimojawapo hapa nchini, alinijia ofisini kijana wa mwaka wa kwanza, mzaliwa wa Mtunda, katika eneo la Kibiti, Mkoa wa Pwani. Jina lake silitaji. Alitoa shikamoo, akaketi, akaniwekea mezani karatasi ya uchaguzi wa kozi ambayo ilikuwa tupu. Sekondari alikuwa amesoma tahasusi ya Historia, Jiografia na Kiswahili. Alitaka kuendelea na Kiswahili pamoja na Jiografia, lakini alikuwa ameambiwa kwamba masomo hayo hayaingiliani, na kwamba afadhali achague moja, alijue vizuri. Juu ya hayo kulikuwa na orodha ya kozi za jumla ambazo kila mwanafunzi hana budi kuzifaulu. "Profesa," aliniuliza, "hizi za lazima ni za nini, na zinakaa wapi?"

Nilimjibu upesi, na jibu langu lilimgharimu. Nitaeleza baadaye namna lilivyomgharimu. Kwa sasa nitoe hoja yangu: shahada ya masomo mawili na kozi za lazima ziliingia katika vyuo vyetu kwa njia mbili tofauti, kwa sababu mbili tofauti, na hazikubuniwa zikamilishane. Kazi ya kuziunganisha imeachwa mikononi mwa mwanafunzi. Pale alipopatikana mtu wa kuziunganisha taaluma, Kiswahili kilipata baadhi ya matunda yake bora kabisa. Na mfano ulio wazi zaidi unatoka Rufiji.

2.0 Chimbuko la shahada ya masomo mawili

Chuo Kikuu Kishiriki cha Dar es Salaam kilifunguliwa Oktoba 1961 katika jengo la TANU, Mtaa wa Lumumba, kikiwa na Kitivo cha Sheria peke yake, na shahada zake zikitolewa na Chuo Kikuu cha London. Makerere ilikuwa imekwisha kuingia katika uhusiano wa namna hiyo na London tangu mwaka 1949. Mwaka 1963 vyuo vya Makerere, Nairobi na Dar es Salaam vikaunganishwa kuwa Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki, na mwaka 1964 Dar es Salaam ikahamia Mlimani na kufungua masomo ya sanaa na sayansi za jamii.

Katika urithi wa London kulikuwa na shahada za namna mbili: ile ya somo moja, iliyomtayarisha mtaalamu, na ile ya masomo kadhaa, iliyomtayarisha mtumishi wa umma au mwalimu. Makerere na Nairobi ziliurithi mgawanyo huo kwa utaratibu ambao wanafunzi waliuita kwa tarakimu. Aliyefuata 3:2:2 alisoma masomo matatu mwaka wa kwanza, akaacha moja na kuendelea na mawili hadi mwisho. Aliyefuata 3:1:1 alibaki na somo moja kuanzia mwaka wa pili. Tarakimu hizo zilikuwa na hekima ndani yake. Zilimpa kijana mwaka mzima wa kuonja kabla ya kuacha, na uamuzi wa kuacha aliufanya akiwa amekwisha kukijua anachokiacha.

Hapa Tanzania msukumo mkubwa zaidi ulikuwa uhaba wa walimu. Nchi iliyopata uhuru ikiwa na wahitimu wachache mno haikuweza kumweka mwalimu wa sekondari kwa somo moja tu. Mwalimu wa Kiswahili alipopelekwa katika shule ya wilayani alitarajiwa afundishe na Historia, au Jiografia, au Kiingereza. Kwa hiyo shahada ya sanaa na ualimu ilijengwa juu ya masomo mawili ya kufundishia. Tutambue kwamba sababu hiyo ilikuwa ya kiutumishi. Hakuna aliyeuliza wakati huo Kiswahili kinaidai nini Jiografia, wala Jiografia inaidai nini lugha. Masomo mawili yaliwekwa katika shahada moja kama abiria wawili wanaoketi kiti kimoja bila kusalimiana.

Kiswahili chenyewe kiliingia kwa mlango wa utafiti kwanza. Kamati ya Lugha iliyoundwa mwaka 1930 kwa ajili ya usanifishaji ndiyo iliyozaa Chuo cha Uchunguzi wa Lugha ya Kiswahili, kilichoungana na Chuo Kikuu Kishiriki mwaka 1964. Idara ya Kiswahili ya kufundisha wanafunzi ilianzishwa mwaka 1970, mwaka uleule ambao Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilijitegemea. Mwaka 2009 taasisi hizo mbili, ya utafiti na ya ufundishaji, ziliunganishwa kuwa TATAKI. Tangu mwanzo Idara ilifundisha kwa Kiswahili, ilhali idara zilizoizunguka zilifundisha kwa Kiingereza. Hivyo mwanafunzi wa Kiswahili na Historia hakuvuka mpaka wa taaluma tu alipotoka darasa moja kwenda jingine. Alivuka pia mpaka wa lugha. Jambo hilo halijatiliwa maanani ipasavyo. Mwanafunzi wa namna hiyo hufanya kazi ya tafsiri kila siku, bila kufundishwa na bila kupewa alama.

3.0 Kozi za lazima zilikotoka

Wazo kwamba kila mhitimu, awe wa somo lolote, apitie maarifa fulani ya pamoja lina historia ndefu kwingineko. Huko Marekani, Charles Eliot, aliyeongoza Chuo Kikuu cha Harvard kuanzia 1869 hadi 1909, aliwapa wanafunzi uhuru mkubwa wa kujichagulia kozi. Mrithi wake, Lawrence Lowell, aliona kwamba uhuru huo umezaa wahitimu wenye vipande vya elimu visivyoshikamana. Akaagiza kila mmoja awe na somo la kuzama pamoja na kozi za kutawanya maarifa. Chuo Kikuu cha Columbia kilianzisha mwaka 1919 kozi ya lazima juu ya ustaarabu wa nyakati hizo, baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia. Mwaka 1945, vita vya pili vilipokwisha, Harvard ilitoa taarifa maarufu iliyotetea elimu ya jumla katika jamii huru. Ni vema kuziangalia tarehe hizo. Kozi za lazima huelekea kuzaliwa baada ya msukosuko, wakati jamii inapojiuliza vijana wake wanaamini nini kwa pamoja.

Kwetu pia zilizaliwa hivyo. Tarehe 22 Oktoba 1966 wanafunzi waliandamana kupinga masharti ya Jeshi la Kujenga Taifa. Rais Nyerere aliwafukuza karibu 400, wa Chuo Kikuu Kishiriki na wa vyuo vingine. Mwezi Februari 1967 likatolewa Azimio la Arusha, na mwezi Machi Mwalimu akachapisha maandishi yake juu ya Elimu ya Kujitegemea. Mwezi huohuo ukafanyika Mlimani mkutano kuhusu wajibu wa chuo kikuu katika Tanzania ya kijamaa. Katika mjadala uliofuata ilianzishwa kozi ya pamoja ya uchambuzi wa jamii, ambayo baada ya mabadiliko kadhaa ilikua na kuwa Taaluma za Maendeleo. Mwaka 1973 ikapata taasisi yake. Baadaye, msomi alipoonekana akishindwa kuandika na kusoma kwa Kiingereza cha kitaaluma, ikaongezwa kozi ya Stadi za Mawasiliano.

Kwa hiyo orodha ile iliyokuwa mezani pangu ilikuwa na tabaka mbili za historia. Tabaka la kwanza liliwekwa kwa hofu ya kuwapata wasomi waliotengana na wananchi. La pili kwa hofu ya kuwapata wasomi wasioweza kuandika. Hofu zote mbili zilikuwa za haki. Lakini kozi iliyozaliwa kwa hofu ina hatari ya kufundishwa kama dawa, na mwanafunzi huimeza haraka ili aondokane nayo. Leo wanafunzi huziita "kozi za kuondoa".

Na bado Mwalimu Nyerere mwenyewe alikuwa zao la elimu ya kutawanya maarifa. Kati ya 1949 na 1952 alisoma Edinburgh shahada ya kawaida ya sanaa, ambayo kwa desturi ya Uskoti ilidai mapana. Alisoma fasihi ya Kiingereza, uchumi wa siasa, anthropolojia ya jamii, historia, sheria ya katiba na falsafa ya maadili. Aliyetafsiri tamthilia ya Shakespeare ya Julius Caesar kwa Kiswahili mwaka 1963, akiwa Rais wa nchi, na kisha Mabepari wa Venisi mwaka 1969, hakuwa mtaalamu wa fasihi. Alikuwa mtu ambaye maarifa yake ya siasa, maadili na lugha yalikutana mahali pamoja. Hiyo ndiyo tafsiri bora ya kozi za jumla ninayoweza kuwapa.

4.0 Rufiji kama mahali pa kukutania

Sasa turudi pwani. Tarehe 4 Agosti 1905 Wajerumani walimnyonga huko Mohoro, Rufiji, mganga wa Ngarambe aliyeitwa Kinjikitile Ngwale. Vita vya Majimaji vilikuwa vimekwisha kuanza. Miaka sitini na kitu baadaye, katika kipindi kilekile cha mjadala wa kozi za lazima, Idara ya Historia ya Mlimani iliendesha mradi wa utafiti ambao wanafunzi walikusanya masimulizi ya wazee. Gilbert Gwassa alichimba zaidi ya wote katika nchi ya Umatumbi na Rufiji, na mwaka 1973 akakamilisha tasnifu yake ya uzamivu juu ya kuzuka kwa vita hivyo.

Angalieni historia hiyo ilivyoidai isimu. Wazee walizungumzia njwiywila, neno la Kimatumbi kwa habari iliyopitishwa kwa siri kutoka mtu hadi mtu. Walimzungumzia pia Hongo, pepo wa mto aliyempagaa Kinjikitile. Msomaji wa Kiswahili Sanifu peke yake, akikutana na neno hongo, atafikiria rushwa, au ushuru waliotozwa wasafiri wa misafara. Atakuwa amelisoma neno sawasawa na kuikosa habari yote. Hata jina la mtu mwenyewe lina maandishi mawili, Kinjikitile na Kinjeketile. Ebrahim Hussein, mzaliwa wa Kilwa aliyesoma sanaa za maonyesho Mlimani, alipotoa tamthilia yake mwaka 1969 alilitumia umbo la pili. Na katika maelezo yake alimtofautisha mtu wa historia na mhusika aliyembuni yeye. Historia na fasihi zilikuwa zikichota katika kisima kimoja, kila moja kwa kata yake, na kila moja ikijua mpaka wake. Shahada ya masomo mawili ikifanya kazi yake vizuri, hufanana na hilo.

Mtunda haikutajwa sana katika vitabu, lakini inakaa katika nchi hiyohiyo. Lugha za eneo hilo Guthrie aliziweka katika kundi moja: Kindengereko P11, Kirufiji P12, Kimatumbi P13. Eva-Marie Ström, katika tasnifu yake ya Chuo Kikuu cha Gothenburg ya mwaka 2013, alieleza sarufi ya Kindengereko na namna Kiswahili kinavyochukua nafasi yake. Lugha inapohama, huwa haihami peke yake. Huondoka na maneno ya mashamba. Mkulima wa bonde la Rufiji hupanda mpunga kabla ya mafuriko, na maji yakishuka hupanda katika udongo wenye unyevu mazao ya mlau. Hujenga dungu, kibanda cha juu ya nguzo, ili alinde shamba dhidi ya wanyama. Baada ya mafuriko ya 1968, serikali iliwahamisha wakazi wengi wa bondeni na kuwapeleka katika vijiji vya nyanda za juu. Na mtoto anayekulia mbali na shamba la bondeni hulisikia neno mlau mara chache kuliko babu yake.

Nani ataliandika neno hilo? Mwanaisimu asiyejua jinsi maji yanavyopanda na kushuka ataandika "aina ya kilimo" na kupita. Mwanajiografia asiyejua isimu atalinukuu katika ripoti, likiwa na tahajia ya mtu mmoja aliyemhoji. Na tangu bwawa la Julius Nyerere lilipoanza kujazwa maji Desemba 2022, na mafuriko ya Aprili 2024 yalipowakumba watu wa Rufiji na Kibiti, swali la namna wakulima wanavyoyataja na kuyaelewa maji si swali la makumbusho. Onyo la mafuriko likiandikwa kwa maneno ambayo mkulima hayatumii, halijatolewa.

5.0 Kupanga miaka mitatu

Nimesema kwamba jibu langu kwa yule kijana lilimgharimu. Nilimkubalia masomo yote mawili, nikafurahi kumkubalia, kwa sababu aliniambia kwao huwezi kueleza habari za shamba bila kueleza habari za maji. Kuhusu kozi za lazima nilimwambia, "Hizo utaziondoa baadaye." Mwaka wa tatu, moja ya kozi hizo iligongana katika ratiba na kozi ya Jiografia iliyofundishwa mara moja tu kwa mwaka. Ilimbidi abaki muhula mmoja zaidi. Mkopo wake ulikuwa umekwisha. Muhula ule ulilipwa kwa mpunga wa mama yake. Ratiba haikuwa na hatia. Kosa lilikuwa langu mimi mshauri, niliyeziona kozi hizo kuwa takataka za pembeni.

Tangu hapo nimewashauri wanafunzi kwa hesabu. Mfumo wa tuzo wa Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania unaitaka shahada ya kwanza iwe na krediti zisizopungua 360, na kila krediti ni saa 10 za kazi ya mwanafunzi. Hizo ni saa 3,600. Tuchukulie, kwa mfano tu, kwamba kila kozi ina krediti 12 na kozi za jumla za lazima ni tatu. Zinabaki krediti 324. Aliye na somo moja anapata kozi 27. Aliye na masomo mawili, akigawa sawa, anapata kozi 13 kwa kila somo, na inabaki moja. Hiyo moja ndiyo ya thamani kuliko zote: ni tasnifu, nayo isikae upande wowote. Ikae pale masomo mawili yanapokutana.

Kutokana na hesabu hiyo yanafuata mambo manne.

Kwanza, kozi za lazima zikamilishwe mapema, kabla ya mwaka wa tatu. Ni msingi wa nyumba, si fenicha.

Pili, katika kila somo ufuatwe mnyororo wa kozi tangulizi kabla ya kozi za kupendeza. Katika isimu, fonetiki hutangulia fonolojia, na mofolojia hutangulia uchanganuzi wa matini. Mwanafunzi wa masomo mawili hana nafasi ya kurudi nyuma; kiungo kimoja kikikosekana huukata mnyororo mzima.

Tatu, kazi za kozi za jumla ziandikwe juu ya masomo yako mawili. Insha ya Taaluma za Maendeleo iwe juu ya ardhi ya bondeni. Zoezi la Stadi za Mawasiliano liwe muhtasari wa utafiti wa lahaja. Hakuna mwalimu wa kozi hizo niliyewahi kumsikia akikataa mfano unaoeleweka.

Nne, mwanafunzi ajue tangu mwaka wa kwanza swali litakaloyaunganisha masomo yake. Si lazima liwe kubwa. Yule kijana aliandika tasnifu juu ya majina ya vijito, mashamba na misimu katika kata yake, akionyesha yapi yanatokana na mmea, yapi na mtu, na yapi na tabia ya maji. Ilikuwa na kurasa chache, na makosa ya tahajia. Nimeitumia darasani kila mwaka tangu hapo.

Nafahamu pingamizi lililopo. Wenzangu wengi, na hasa wa isimu, husema kwamba kozi 13 hazimtoshi mtu kuwa mwanaisimu, na kwamba shahada ya Kiswahili peke yake ndiyo heshima ya taaluma yetu. Hoja hiyo ina uzito. Tulipigania miaka mingi Kiswahili kisionekane somo la nyongeza. Anayetaka kwenda moja kwa moja kwenye uzamili wa fonolojia afuate njia ya somo moja, na nitamsindikiza. Lakini tusichanganye heshima ya somo na upweke wake. Taaluma inayojitosheleza kwa kila kitu hubaki ikijadili istilahi zake yenyewe.

6.0 Hitimisho

Mwaka 2024 wanafunzi wa kidato cha tano walianza kuchagua kutoka katika orodha ndefu ya tahasusi mpya. Wengi wao watafika vyuoni wakiwa na mchanganyiko wa masomo ambao sisi wazee hatukuuzoea, na watatuwekea mezani karatasi tupu. Ombi langu kwa wakuu wa idara ni kwamba kabla ya kuwaambia kuwa masomo fulani hayaingiliani, tujiulize kama ni maarifa yasiyoingiliana, au ni vipindi vyetu tu vilivyogongana saa nne asubuhi. Ombi langu kwa washauri wa wanafunzi ni kwamba waketi na ratiba ya miaka yote mitatu, si ya muhula mmoja. Na kwenu wanafunzi nasema: mkiulizwa kozi za lazima ni za nini, jibu lake halimo katika mwongozo wa chuo. Mtalipata katika swali mlilokuja nalo kutoka nyumbani.

Kijana wa Mtunda leo ni mwalimu wa sekondari. Anafundisha Kiswahili na Jiografia, na ninaambiwa kwamba wanafunzi wake huanza somo la mito kwa kuyaandika majina ambayo bibi zao huyaita maji.